Filamu kumi bila nyota: shajara ya mradi

Siku ya 1

Jana rafiki yangu aliniuliza ile filamu niliyoitazama wiki mbili zilizopita ilikuwaje. Nikamjibu, "Kali sana, itafute." Akauliza inahusu nini. Nikaanza: kuna jamaa mmoja, ana mke, au labda ni dada yake, halafu kuna mzigo umepotea… nikaishia hapo. Jina la stelingi limenitoka. Mwisho umenitoka. Nimebaki na neno "kali" tu, na hata hilo sijui nililiokota wapi.

Usiku nikafungua orodha ya filamu nilizotazama tangu mwaka uanze. Ziko 31. Nikaweka alama kwenye kila moja ambayo naweza kusimulia mwisho wake bila kubahatisha. Nilipata 14. Hizo nyingine 17 zimepita kama maji, na karibu zote nimewahi kuzitolea maoni mbele za watu, tena kwa sauti ya mjuzi.

Basi mradi ndio huu: filamu kumi, siku 42, daftari moja la karatasi. Masharti nimeyaandika ukurasa wa kwanza. Filamu ikiisha naandika dakika ishirini kabla sijasoma neno la mtu mwingine. Simu inalala chumba kingine. Nyota za kuipima filamu sitoi. Na kuna maneno nimeyapiga marufuku mpaka niyaonyeshe dakika yake: nzuri, mbaya, kali, inachosha, imenigusa. Nikisema filamu inachosha, niseme ilianza kunichosha dakika ya ngapi na wakati huo kwenye skrini kulikuwa na nini. Zikipita siku saba au zaidi, narudi kwenye ukurasa uleule na kalamu nyekundu.

Miisho nitaisimulia. Siwezi kueleza kwa nini mwisho umenikera huku nimeufunika kitambaa.

Siku ya 2. Filamu ya kwanza

*12 Angry Men*, ya mwaka 1957, mwongozaji Sidney Lumet. Dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja. Wanaume kumi na wawili, raia wa kawaida walioitwa mahakamani, wanatakiwa kuamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake ana hatia. Kumi na mmoja wanasema anayo. Mmoja, Henry Fonda, anasema tuzungumze kwanza.

Dakika tano za mwanzo za kuandika zilikuwa aibu tupu. Niliandika "waigizaji wanajua kazi yao", nikaifuta, nikaiandika tena kwa maneno mengine, nikaifuta. Kumbe ukininyang'anya maneno matano sina cha kusema. Kisha ikanitoka sentensi fupi ambayo sikuielewa mwenyewe: "Chumba kimepungua."

Nikarudisha filamu nyuma. Nikaisimamisha pale wanapoingia, nikatazama, halafu nikaisogeza hadi karibu na mwisho nikaisimamisha tena. Mwanzoni kamera imekaa juu ya vichwa vyao, unaiona meza nzima, kila mtu ana nafasi ya kunyoosha mkono. Mwishoni kamera iko chini, nyuso zimejaa skrini, na dari, ambayo mwanzoni sikuiona kabisa, imewainamia. Hapo ndipo nikajiruhusu kusoma, nikakuta Lumet mwenyewe aliwahi kueleza: theluthi ya kwanza alipiga kutoka juu ya usawa wa macho, ya pili kwenye usawa wa macho, ya tatu chini yake, na kadiri filamu ilivyokwenda alitumia lenzi ndefu zaidi ili kuta zionekane zinawasogelea. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu kabla mwalimu hajaliandika ubaoni.

Lawama ninazo mbili. Yule mbishi wa mwisho anachana picha aliyopiga na mwanawe, analia, anakubali yaishe. Yaani ubishi wake wote ulikuwa kidonda cha nyumbani. Sikuridhika. Wapo watu wabishi bila kidonda chochote, na filamu ingekuwa na ujasiri zaidi kama ingemwacha mmoja wao abaki hivyo. La pili ni kisu. Fonda anachomeka mezani kisu kinachofanana na kile cha mauaji, amekinunua mwenyewe mtaani. Mtu aliyepewa kazi ya kupima ushahidi haruhusiwi kwenda kuutafuta. Sote tunamshangilia kwa sababu ni stelingi. Angekuwa upande wa pili tungemwita mhuni.

Siku ya 6. Filamu ya pili

*Parasite* ya Bong Joon-ho, 2019. Hii niliwahi kuiona wakati kila mtu anaizungumzia, baada ya kuchukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na kisha, Februari 2020, kuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Maoni yangu ya wakati ule yalikuwa: "Ina ujumbe mzito." Nimeliongeza "ujumbe" kwenye orodha ya marufuku. Tunalipenda sana neno hilo, na hatuombwi kamwe tuutoe huo ujumbe mezani tuuone.

Safari hii sikutafuta ujumbe. Nilihesabu ngazi, nikachoka. Usiku wa mvua familia masikini inakimbia kutoka nyumba ya matajiri kwenda kwao, na wanashuka tu: ngazi, mteremko, handaki, ngazi tena. Maji yanashuka nao. Wanafika, nyumba yao ya chini imefurika.

Lakini niliyoiandika kwa herufi kubwa ni ya asubuhi inayofuata. Mama mwenye nyumba yuko kiti cha nyuma cha gari, anaongea na simu, anamwambia mtu jinsi mvua ya jana ilivyokuwa baraka, anga limesafika. Baba wa ile familia masikini ndiye dereva. Hasemi neno. Yule mama anaziba pua na kufungua dirisha, na sisi tunamwona dereva akimwona. Hakuna anayetuambia tuhisi nini. Ningekuwa naandika nyota, zote ningezimwaga hapo.

Siku ya 9. Filamu ya tatu (imefutwa)

Nilitazama *Ladri di biciclette* ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, kwa mara ya kwanza. Nikaandika kurasa mbili za ukali. Kwamba waigizaji wanaonekana kama wako kwenye mazoezi. Kwamba mtaa unaonekana kama jukwaa la shule. Kwamba picha ni nyororo mno, "kama tamthilia ya mchana". Niliona nimekuwa mhakiki kweli, nimethubutu kuisema vibaya filamu ambayo wakubwa wanaisujudia.

Mdogo wangu akapita nyuma yangu, akasimama sekunde kumi. "Kaka, mbona hiyo muvi ya zamani inakimbia kama mpira?"

Televisheni ni mpya, haina hata mwezi. Nikaingia kwenye mipangilio ya picha. Kuna kitu kilichowashwa kiwandani, cha kulainisha mwendo. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na jicho limezoea kule kukatikakatika kidogo, ndiko kunakoifanya filamu ionekane filamu. Televisheni ina uwezo wa kuonyesha 60 au zaidi, kwa hiyo inabuni picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzipiga na kuzichomeka humo. Kwa mpira wa miguu inasaidia. Kwa filamu inaharibu, na watengenezaji wenyewe wamelalamika: Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwasihi watazamaji wakizime. Mimi nilikiacha kimewashwa, nikamlaumu marehemu De Sica.

Kurasa mbili nimezikata mstari mmoja mrefu. Sikuzichana, zikae hapo zinikumbushe.

Siku ya 10. Filamu ya tatu, tena

Filamu ileile, televisheni ileile, kile kitu kimezimwa. Ni kama nimebadilishiwa waigizaji.

Kisa chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anaweka shuka za kitanda rehani ili kuikomboa. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibiwa, na yeye na mwanawe Bruno wanazunguka Roma kuitafuta. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Jana niliandika kwamba "hajui kuigiza". Leo nimeandika kwamba anatembea kama mtu anayejua saa za kazi.

Mwishoni Antonio naye anajaribu kuiba baiskeli, anakamatwa, watu wanamzonga na kumpiga, na kofia yake inaanguka. Bruno, mtoto mdogo, amejipenyeza katikati ya miguu ya watu wazima akilia. Anaiokota kofia. Anaipangusa vumbi. Niliisimamisha hapo nikaitazama mikono yake. Mtoto ambaye dunia yake imeanguka bado anajua kwamba kofia ya baba haikai na vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, anaamua kutoshtaki. Filamu haisemi kwamba ni kwa sababu ya kofia. Mimi nasema ni kwa sababu ya kofia.

Siku ya 14. Filamu ya nne

Nimevunja sharti. Kabla ya filamu ya leo, ya kutisha, mpya, sitaitaja, nilichungulia asilimia yake Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Ilikuwa ya juu sana. Nikakaa nikisubiri kutishika, sikutishika, na badala ya kuandika nilichoona nikaandika kurasa moja na nusu za kujiuliza nina tatizo gani.

Nisaidie kwanza hesabu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siielewi vizuri. Ile asilimia si alama ya filamu. Ni idadi ya wahakiki walioipendekeza, kati ya mia. Chukua wahakiki kumi, kila mmoja aipe filamu 6 kati ya 10, yaani "inapita, si haba". Wote wameipendekeza, kwa hiyo ni asilimia 100. Chukua filamu nyingine, watano waipe 10 kamili kwa machozi, watano waipe 5 na kusema haiwafai. Hiyo ni asilimia 50, na hapo tovuti inaihesabu imeoza, maana mstari wa kupita uko kwenye 60. Wastani wa ile ya kwanza ni 6. Wastani wa ile "iliyooza" ni 7.5.

Sasa fikiria ni ipi kati ya hizo mbili ungependa kuiona Ijumaa usiku. Mimi naitaka ile iliyowagawa watu. Ila nimekuwa nikiipita kwa miaka.

Kuhusu filamu yenyewe: mlango unafunguka wenyewe dakika ya 12, 31, 50 na 77. Mara ya nne nilicheka.

Siku ya 17. Filamu ya tano

*La Noire de…* ya Ousmane Sembène, 1966, saa moja hivi. Tumetazama na mdogo wangu, kwa sharti kwamba naye ataandika.

Diouana ni msichana wa Dakar aliyepelekwa Antibes na familia ya Kifaransa akidhani anakwenda kulea watoto. Anajikuta mpishi na mfagizi ndani ya nyumba ya ghorofani asiyotoka. Bado anapiga deki amevaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino, mpaka mama mwenye nyumba anakereka.

Ukurasa wa mdogo wangu ulikuwa na sentensi moja: "Kwa nini hawajibu?" Akaniambia, "Kaka, mimi ningemwambia yule mama palepale." Nikamwambia anaongea filamu nzima, ila anaongea kichwani, sisi tunamsikia na wao hawamsikii, na hapo ndipo filamu ilipo. Nilijiona nimejibu vizuri. Kisha tukasoma, tukakuta kwamba uso ni wa Mbissine Thérèse Diop lakini sauti ile ya ndani ilirekodiwa na mwingine, Toto Bissainthe. Mdogo wangu akanitazama. "Kwa hiyo hata ya kichwani si yake?"

Sina jibu. Nimeliandika swali kama lilivyo.

Tulikubaliana kuhusu kinyago. Diouana aliwapa waajiri wake kinyago kama zawadi alipoanza kazi. Ufaransa kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Baada ya kifo chake yule bwana anakirudisha kwao pamoja na mizigo, na mtoto wa kiume anakivaa na kumfuata nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye gari. Bwana anaongeza mwendo. Anageuka. Anaongeza mwendo tena. Ni mtoto tu, na mbao. Mdogo wangu alikuwa ameshika mto kifuani. Wakati ile filamu ya kutisha na milango yake haikuniinulia hata unyoya.

Siku ya 22. Filamu ya sita

*Tokyo Story* ya Yasujirō Ozu, 1953, dakika 136. Mama alikuwa sebuleni akashona huku anatazama. Sikumwalika kwenye mradi, alijiingiza.

Wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli. Wazee wanapelekwa huku na kule, wanawekwa hoteli ya mapumziko yenye kelele usiku kucha, na anayewakirimu kwa moyo ni mkwe wao Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Wanarudi kwao. Bibi anafariki.

Ilianza kunichosha dakika ya 20 na ikaendelea hadi kama ya 45. Sababu naijua: kamera haitembei. Imekaa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, na watu wanaingia, wanaketi, wanapepea, wanatoka. Nilikuwa nasubiri kitu kitokee. Halafu kilipotokea filamu ikakiruka! Safari ya treni ya wazee kwenda Tokyo haionyeshwi: wanafungasha mizigo, kisha tunawaona wameshafika. Ugonjwa wa bibi unaingia kwa telegramu. Ozu anakuonyesha watu wakipepea, na anakuficha vile ambavyo mwongozaji mwingine angevijengea filamu nzima. Nilipolielewa hilo uchovu ukaisha, nikaanza kuogopa kila watu wanapokunja nguo, maana kukunja nguo ndiyo dalili kwamba kuna jambo linakuja.

Aliyeigiza yule babu, Chishū Ryū, alikuwa na miaka 49 tu. Nimeirudia ile asubuhi ya msiba, anaposimama nje peke yake na kumwambia Noriko kwamba mapambazuko yalikuwa mazuri na kwamba leo kutakuwa na joto. Mgongo ule ni wa mzee wa sabini.

Nikaandika ukurasa wangu. Sentensi yake kuu: "Filamu kuhusu watoto wasio na shukrani." Nikaeleza kwa ushahidi, dakika kwa dakika, hasa yule binti mkubwa anayeanza kuuliza habari za nguo za marehemu kabla msiba haujapoa.

Mama akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akakata uzi kwa meno.

"Hao watoto si wabaya, mwanangu. Wana kazi."

"Lakini mama, yule wa nguo…"

"Nguo ataziomba nani? Mgeni? Zikifika kwake zitavaliwa."

Nikasema ile hoteli je. Akasema wamelipia hoteli kwa fedha ambayo hawana nyingi, umeona nyumba zao. Kisha akarudi kwenye ushonaji wake. Nilikaa na ukurasa wangu. Nikaitazama tena ile sehemu na kweli: nyumba zao ni finyu, mmoja ni daktari anayeitwa na wagonjwa Jumapili, mwingine ana saluni chumba cha mbele. Vyote hivyo nilikuwa nimeviona. Nilivipita kwa sababu nilishaamua nani mbaya.

Sikuifuta sentensi. Nimeandika chini yake, kwa nyekundu, kabla ya siku saba kufika: "Mama hakubali."

Siku ya 25 na 27. Filamu ya saba na ya nane

Ya saba: magari, milipuko, saa mbili na robo. Niliipenda kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho na sina sentensi hata moja ya maana. Nimeacha ukurasa wazi.

Ya nane: ya mapenzi. Wamekutana, wamekosana, wameelewana. Muziki uliingia kila nilipotaka kuhisi kitu, ukanitangulia.

Siku ya 29. Filamu ya tisa, jaribio la kwanza

*Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles*. Chantal Akerman alikuwa hajatimiza miaka 25 ilipoonyeshwa Cannes mwaka 1975. Dakika 201. Nilisinzia dakika ya 64. Nilipoamka Jeanne bado yuko jikoni.

Siku ya 31. Filamu ya tisa, jaribio la pili

Kuna jarida la Kiingereza, *Sight and Sound*, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi filamu bora kuliko zote ni ipi. Mara ya kwanza walichagua *Ladri di biciclette*. Kuanzia 1962 hadi 2002 wakakaa na *Citizen Kane*. Mwaka 2012 ikawa *Vertigo*. Mwaka 2022 ikapanda hii, ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kufika juu. Nililijua hilo kabla ya kutazama, kwa hiyo sharti limevunjika tena, lakini nalitaja kwa sababu lilinifariji kwa namna ya ajabu. Watu wanaolipwa kwa kazi hii wamebadili mawazo mara tatu, na mimi nilikuwa naona aibu kubadili yangu mara moja.

Filamu ni siku tatu za mjane mmoja anayeishi na mwanawe. Nikaamua kuigawa: siku yake moja, usiku wangu mmoja. Najua wapo watakaosema ni dhambi. Basi.

Siku yake ya kwanza anapika, anaoga, anasafisha beseni, anazima taa kila anapotoka chumbani. Mchana anapokea mwanamume anayelipa, fedha anaziweka ndani ya bakuli la supu mezani, anafunika. Kila kitu kwa utaratibu, kamera imesimama, hakuna anayekuharakisha.

Siku ya 32

Siku yake ya pili. Viazi vimeiva kupita kiasi. Ni hicho tu. Anashika sufuria, anatoka nayo jikoni, anaingia nayo chumba kingine, anarudi, hajui aiweke wapi. Na mimi, mtu aliyesinzia juzi, nimekaa wima moyo unanienda mbio kwa ajili ya viazi. Kisha nikaona bakuli la fedha liko wazi. Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Umesahau kufunika!"

Bila ile saa nzima ya jana ya kuchosha nisingejua kwamba kifuniko kina mahali pake. Nimeandika: "Nilichokiita kuchosha kilikuwa ni kufundishwa." Sijui kama sentensi hii itapona kalamu nyekundu. Inanukia ujuaji.

Siku ya 33

Siku yake ya tatu. Nimemaliza. Delphine Seyrig, aliyeigiza Jeanne, ameketi mezani gizani mwishoni, dakika kadhaa, damu mkononi, mwanga wa barabarani ukimcheza usoni. Kuna mkasi, kuna mtu amekufa, na sikuandika chochote kuhusu mauaji. Nimeandika kuhusu kitufe cha koti anachokitafuta duka kwa duka na hakipati.

Siku ya 36. Kalamu nyekundu

Nimepitia kurasa zote. *12 Angry Men*: chumba kimebaki, lawama ya kisu imebaki, ile ya picha iliyochanwa nimeilegeza, maana nimegundua mimi mwenyewe hubisha zaidi siku nikiwa na jambo moyoni. *Parasite*: dirisha la gari limebaki, hesabu ya ngazi nimeifuta, kila mtu anaijua. Filamu ya kutisha siikumbuki tena isipokuwa ile hesabu. *Tokyo Story* sijaigusa, naogopa.

Jambo moja limenishangaza. Kwenye daftari zima sijaandika popote kwamba mwigizaji fulani "amevaa uhusika". Zamani lilikuwa neno langu la kila filamu.

Siku ya 41. Filamu ya kumi

*Rashomon* ya Akira Kurosawa, 1950. Samurai amekufa msituni, na tukio lilelile linasimuliwa na jambazi, na mke, na marehemu mwenyewe kwa kinywa cha mganga, kisha na mkata kuni aliyekuwa amejificha. Kila mmoja anasimulia tofauti na kila mmoja, ukiangalia, anajipamba. Mpiga picha Kazuo Miyagawa anaelekeza kamera moja kwa moja kwenye jua kupitia majani, na wewe unayekodoa macho upate ukweli unaishia kupofuka kidogo.

Tumeandika kila mtu peke yake, mimi sebuleni, mdogo wangu chumbani, kisha tumebadilishana.

Tumegombana kuhusu mwisho. Mvua inanyesha langoni, wanaume watatu wamejikinga, wanasikia mtoto mchanga akilia, ametelekezwa. Mmoja anamvua nguo aliyofunikwa na kuondoka nayo. Mkata kuni ananyoosha mikono kumchukua, kasisi anamzuia, anadhani naye anataka kumwibia. Mkata kuni anasema ana watoto sita, wa saba hataongeza taabu. Mvua inakatika. Anaondoka na mtoto.

Mimi niliandika: "Mwisho wa kutubembeleza. Baada ya dakika themanini za kutuambia watu ni waongo, tunapewa mtoto ili tulale vizuri."

Mdogo wangu aliandika kwamba mkata kuni mwenyewe ni mwongo, jambia la thamani lililopotea pale msituni alilichukua yeye, na filamu inamwumbua dakika chache tu kabla. "Kwa hiyo hatujui huyo mtoto anapelekwa wapi. Tumeamua kumwamini kwa sababu mvua imekatika."

Siku ya 42

Asubuhi nimefungua daftari nimalizie. Chini ya sentensi yangu ya kubembeleza kuna mwandiko usio wangu, kwa nyekundu, umepigiwa mstari mara mbili: "Dakika ya ngapi?"

Nimewasha televisheni. Niko kwenye dakika ya 80, mtoto ndiyo anaanza kulia.